Leja ya Spea

Duka la baiskeli haliishi kwa kuuza baiskeli. Nilianza ukarani wa stoo katika duka moja mjini Shinyanga mwaka 1985, mwaka Mwalimu Nyerere alipong'atuka, na leja niliyokabidhiwa ilikuwa na kurasa chache mno za baiskeli nzima. Zilizobaki zote zilikuwa za spoki, gololi, koni, ekseli, mipira ya breki, tyubu na solusheni. Mkulima alinunua baiskeli mara moja maishani, akijaliwa mara mbili. Spoki alizirudia kila mwaka. Mishahara yetu ilitoka kwenye spoki, na aliyejua ni spoki zipi zitakwisha, na lini, hakuwa mwenye duka wala mimi. Alikuwa fundi aliyekaa barazani.

Habari za biashara hii zikisimuliwa, yanatajwa majina ya viwanda na ya wenye maduka: Raleigh, Phoenix, Hero, Mhindi fulani wa barabara fulani. Fundi hatajwi. Nami nasema ndiye aliyeibeba biashara ya baiskeli Usukumani tangu enzi za Mwingereza hadi pikipiki zilipoingia, na muuzaji aliyemsikiliza ndiye aliyedumu.

Usukuma na baiskeli vilipatana mapema. Nchi ni tambarare, vijiji vimetawanyika, na mkulima wa pamba hupata pesa zake kwa mkupuo, msimu wa kuuza. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na makasha ya baiskeli za Kiingereza yakapata njia. Iliyotamba ni Raleigh ya Nottingham, kiwanda kilichoanza katika miaka ya 1880. Tangazo lao moja lilijulikana sana Afrika: kijana anakanyaga pedeli, simba anamfukuza, na simba anaachwa nyuma. Lilikuwa tangazo zuri. Lakini baiskeli ndani ya kasha haikuweza kumkimbia hata mbuzi. Ilikuja vipandevipande, spoki zimefungwa mafungumafungu, na lazima apatikane mtu wa kuiunga.

Ndipo mwenye duka alipomkaribisha fundi barazani. Mapatano yao hayakuandikwa popote. Fundi hakulipa kodi ya baraza, na duka halikumlipa mshahara. Aliunga baiskeli mpya kwa ujira wa kila moja, na muda uliobaki alitengeneza za wapita njia, spea akizichukua mlemle dukani. Aliyevunjikiwa na ekseli alimwendea fundi kwanza. Fundi akamtuma dukani, akimwambia aina na urefu. Kwa hiyo mteja alifika kwangu akiwa ameshauziwa tayari, kazi yangu ikabaki kushusha boksi na kuandika.

Ufundi wenyewe haukuwa wa kubahatisha. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo mwingi hulala nyuma. Pedeli ya kushoto hufungwa kinyume, na wapo vijana walioharibu kranki nzima kwa kulisahau hilo. Raleigh nayo ilikuwa na shani yake: nyuzi za shingo na za ekseli ya pedeli zilichongwa 26 kwa inchi, wakati viwanda vingine vya Uingereza vilichonga 24. Kwa macho huoni tofauti. Fundi wetu aliitambua kwa kuzungusha kikombe chenye nyuzi hizo nusu mzunguko kwa vidole tu. Kikianza kukaza kabla ya wakati, alikirudisha. Spana ilikuwa haijagusa kitu, na kikombe kiliweza kuuzwa kwa mwingine.

Yeye alianza kazi kabla ya Uhuru, na kutoka kwake nilipata historia ya miaka ambayo leja yangu haikuifikia. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, biashara ya jumla na ya nje iliingia mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, na baadaye kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara, RTC. Bidhaa za Kichina zikajaa madukani, kwa kuwa sehemu ya gharama za humu nchini za kujenga reli ya TAZARA ilitokana na mauzo ya bidhaa kutoka China. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka mengi ya watu binafsi vijijini yakafungwa. Tukawa na baiskeli yetu wenyewe, Swala, iliyounganishwa Dar es Salaam. Kisha Vita vya Kagera, kisha uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baiskeli ilipatikana kwa kibali, na mwenye kibali alisubiri.

Nasisitiza hapa jambo ambalo wenye kusimulia enzi za uhaba hulipita mbio. Mgao uliwafikia watu kwa baiskeli nzima, haukuwafikia kwa gololi. Mtu akipata baiskeli leo, mwakani ekseli imelika na hakuna nyingine mkoa mzima. Aliyezifanya baiskeli za Shinyanga ziendelee kutembea ni fundi. Mipira ya breki ilikatwa kwa kisu kutoka kwenye tairi bovu la lori. Pedeli zilichongwa mti. Tairi lililopasuka lilishonwa kwa waya, na tyubu ikishindikana kabisa lilijazwa majani makavu. Kwenye habu ya nyuma, inayotaka gololi 9 kila upande, alipanga zile ambazo hazijalika na kugawa nafasi kwa grisi. Akinieleza hayo hakujisifu. Alikuwa akinifundisha bidhaa ipi ni ya kuagiza kwanza endapo njia zitafungwa tena.

Njia zilikuwa zinafunguka. Tangu 1984 mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa, na chini ya Mzee Mwinyi milango ikapanuka. Phoenix za Shanghai zikaja kwa wingi, Hero za Ludhiana nazo. Mwenye duka, mtu mwenye hesabu kali na moyo mzuri, alitaka kujaza baiskeli dukani zionekane zinang'aa. Fundi akamwambia: nunua nusu, nusu nyingine weka kwenye spoki za nyuma, koni na tyubu, maana baiskeli zitakazouzwa na wenzako zitakuja kuharibika hapa kwetu. Mwenye duka akakubali. Msimu uliofuata wakulima waliokuwa wamenunua kwingine walipiga foleni barazani, hasa siku za mnada wa ng'ombe. Miiba ya migunga haichagui duka ulilonunulia.

Siku moja alikuja mzee kutoka upande wa Kishapu, pesa za pamba zimefungwa kwenye kitambaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Nataka farasi asiyechoka." Nikamwonyesha Phoenix mpya iliyoungwa asubuhi ile. Fundi akakataa isitoke. Akaipindua juu chini, akafungua habu ya mbele, akafuta yale mafuta mepesi ya kiwandani, akapaka grisi yake, akahesabu gololi 10 huku na 10 kule. Akafunga koni, akalegeza kidogo, akakaza kidogo. Kisha akaliweka gurudumu valvu ikiwa ubavuni, akaliachia bila kulisukuma. Likajizungusha lenyewe, valvu ikashuka chini kwa uzito wake, ikapita, ikarudi, ikapita tena, mwishoni ikatulia chini kabisa. "Umeona, binti yangu? Valvu ina uzito gani? Kama inaweza kulivuta gurudumu zima, hapo koni haijabana." Halafu akalitikisa gurudumu ubavuni kulia na kushoto, halikucheza. Mzee akalipa bila kuomba apunguziwe hata senti. Tangu siku hiyo kwenye leja yangu kila baiskeli niliyoitoa ilikuwa na alama ya fundi pembeni, na isiyo na alama haikutoka.

Baiskeli ilipoanza kubeba abiria mjini, zile tulizoziita daladala, fundi ndiye aliyeniambia niache kuagiza keria nyembamba za kiwandani. Vijana walikuwa wakizing'oa siku ileile na kuchomelewa za nondo, na spoki wakitaka zile nene. Wenzetu waliendelea kuleta keria nzuri zilizopakwa rangi, zikaota kutu ukutani. Nondo hatukuuza, lakini spoki nene tuliziuza mpaka vidole vikaniuma kuzihesabu.

Soko la pamba lilipoachiwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, nikajifunza upande mwingine. Tulikuwa tukiwakopesha wakulima spea hadi msimu. Sasa malipo ya pamba yakawa hayana tarehe: kijiji hiki wamelipwa Juni, cha pili wanangoja hadi Septemba. Fundi alijua nani kalipwa kabla ya benki kujua, kwa kuangalia nani anabadilisha tairi zote mbili kwa mpigo.

Niliondoka dukani mwishoni mwa muongo huo, nikaajiriwa stoo katika ofisi moja ya maji. Shinyanga ilichimbiwa visima vifupi vingi katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Uholanzi, vyenye pampu za mkono. Nilikuta pampu zimesimama kwa kukosa mpira mdogo wa pistoni, huku rafu zikiwa na vifaa vikubwa visivyoulizwa na mtu. Sikuhitaji semina. Niliomba ruhusa ya kwenda vijijini kuwauliza mafundi wa pampu kinachokufa kwanza, kisha nikaanza leja upya kwa mpangilio wao. Kazi yote niliyoifanya baadaye, hadi kustaafu, niliifanya kwa namna hiyo, na waliokuwa wakiniuliza nimesomea wapi ugavi niliwaambia: barazani.

Pikipiki za Kichina na za Kihindi zilipofurika, na kanuni za mwaka 2010 zikazitambua rasmi kama vyombo vya abiria, daladala za baiskeli zilipungua haraka. Nottingham kwenyewe Raleigh ilikuwa imeshaacha kutengeneza baiskeli mwaka 2002. Duka letu la zamani sasa linauza spea za pikipiki. Pikipiki nyingi za bodaboda zina magurudumu ya spoki, na barabara zetu huzipinda ringi zake kila wiki. Wanaozinyoosha ni wale waliojifunza chini ya yule fundi, na watoto wao. Mwenye duka wa leo, mtoto wa yule wa zamani, anapokwenda Mwanza kununua mzigo hupita kwao kwanza.