Kutoka Malili hadi Konza: Historia Fupi ya Jiji na Waliolichora

Konza Technopolis ni jiji jipya linalojengwa katika tambarare za Malili, Kaunti ya Makueni, yapata kilomita 60 kusini-mashariki mwa Nairobi, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Linasimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji wa Konza Technopolis, shirika la serikali lililoundwa mwaka 2012 kwa Tangazo la Kisheria namba 23. Majiji mengi ya Afrika Mashariki yalianza kama bandari, soko, stesheni ya reli au boma la mkoloni, na wapangaji miji wakaja kuyanyoosha watu wakiwa wamekwisha kuingia. Konza ilichorwa kwanza. Kabla ya mkazi wa kwanza kulipa kodi ya nyumba, mpango wake ulikuwa umepita mikononi mwa wanauchumi, wasanifu majengo, wahandisi, wapima ardhi na wanasheria, kila kundi likiacha alama yake.

Eneo lenyewe halikuwa tupu. Reli ya Uganda ilipita hapa kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899, na stesheni ya Konza baadaye ikawa njia panda ya treni za magadi. Kwa miaka mingi ardhi ya Malili ilikuwa ya malisho, chini ya ranchi iliyomilikiwa kwa hisa na wenyeji wa Ukambani. Pundamilia, nyumbu na swala walichangia nyasi na ng'ombe. Mvua ni haba. Udongo ni ule mweusi ambao wakati wa masika huvimba na kuganda kwenye magurudumu, na kiangazi kikikolea hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Kila mhandisi aliyefanya kazi Konza alianza na udongo huo, kwa sababu barabara au msingi wa nyumba uliowekwa juu yake bila kuuchimba na kuuondoa hauchukui muda kupinda.

Wazo la jiji lilizaliwa katika Wizara ya Habari na Mawasiliano. Bitange Ndemo, aliyekuwa Katibu wa Kudumu wa wizara hiyo kuanzia 2005 hadi 2013, alikuwa miongoni mwa waliosimamia ujio wa nyaya za intaneti za chini ya bahari hadi Mombasa, na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: nchi iliyopata intaneti ya kasi inahitaji mahali pa kuifanyia kazi. India na Ufilipino zilikuwa zimepata ajira nyingi kwa kuhudumia kampuni za ng'ambo kwa simu na kompyuta. Dira ya Maendeleo ya 2030, iliyozinduliwa Juni 2008, iliuingiza mradi katika orodha yake ya miradi mikuu, na mwaka 2009 serikali ilinunua ekari 5,000 kutoka Ranchi ya Malili kwa shilingi bilioni moja. Mauzo hayo yaliacha kovu. Wanahisa walizozana kwa miaka kuhusu nani alilipwa nini, na yeyote anayeandika habari za Konza hana budi kuwataja, kwa sababu mchango wa kwanza kwa jiji hili, yaani ardhi, ulitoka kwao.

Mchoro wa kwanza ulifanywa na kampuni ya uhandisi ya Uingereza, Pell Frischmann, iliyofanya upembuzi yakinifu na kutoa mpango wa awali. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba jiji linawezekana na ikakadiria ukubwa wake. Haikuonyesha kwa undani mtaa utakuwaje wala nani atalipia nini. Baada ya Mamlaka kuundwa na Dkt. Catherine Adeya kuteuliwa kuwa Afisa Mkuu Mtendaji wake wa kwanza, kazi ya kuandaa mpango mkuu ilipewa kundi la washauri likiongozwa na HR&A Advisors ya New York. Ndani yake walikuwamo wasanifu wa SHoP Architects, wahandisi wa Tetra Tech, washauri wa maendeleo wa Dalberg, pamoja na wataalamu wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Muundo wa kundi hilo ulikuwa na maana kubwa. HR&A si wasanifu; ni washauri wa uchumi wa miji, waliojulikana kwa kazi yao katika High Line, bustani iliyojengwa juu ya reli kuukuu huko New York. SHoP, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilikuwa imetoka kukamilisha ukumbi wa michezo wa Barclays Center, Brooklyn, na ndiyo iliyosanifu pia Botswana Innovation Hub mjini Gaborone, kwa hiyo nchi kavu za Afrika hazikuwa ngeni kwake. Kwa kumweka mwanauchumi mbele ya msanifu, Mamlaka ilikubali kwamba umbo la jiji lifuate hesabu ya nani atakuja, lini, na kwa kodi gani. Uamuzi huo uliliepusha jiji na majumba ya fahari yasiyo na wapangaji, jambo ambalo wakosoaji walilihofia tangu mwanzo.

Mpango wao uligawa ekari 5,000 katika awamu, ya kwanza ikiwa ekari 400 tu, zilizokusudiwa kubeba wakazi wapatao 30,000. Katika ekari hizo nyumba za kuishi, ofisi, maduka, chuo na huduma za umma zilichanganywa mtaa kwa mtaa badala ya kutengwa, ili mtu afike kazini, shuleni na sokoni kwa miguu. Hapo mpango ulitengana kabisa na mazoea ya Nairobi, ambako tangu ukoloni makazi yamewekwa upande mmoja na kazi upande mwingine, na mfanyakazi anatumia saa nzima asubuhi ndani ya matatu. Njia za wanyama ziliachwa wazi pembezoni. Bustani ndefu zilipangwa kufuata mikondo ya maji ya mvua, kwa hiyo mahali ambapo mvua kubwa ingetiririka ovyo pakawa mahali pa kupumzikia. Viwanja havikukusudiwa kuuzwa: Mamlaka ingebaki mwenye ardhi na kuikodisha kwa wajenzi wanaotimiza masharti, na mwekezaji anayekaa na kiwanja bila kujenga angeweza kunyang'anywa.

Rais Mwai Kibaki aliweka jiwe la msingi tarehe 23 Januari 2013. Ahadi zilizotangazwa wakati huo zilikuwa kubwa: gharama ya dola bilioni 14.5, ajira 20,000 kufikia 2015 na zaidi ya 200,000 kufikia 2030. Wiki chache baadaye uchaguzi ukaleta serikali mpya pamoja na ugatuzi, na Mamlaka ikajikuta ikiongea na magavana ambao hawakuwapo mpango ulipochorwa. Makueni na Machakos zilivutana kuhusu mpaka pale Malili, kila upande ukijua kwamba jiji lingeleta mapato.

Mvutano uliowagusa watu wa kawaida zaidi ulitoka kwenye mstari mmoja wa ramani. Ili kuzuia vibanda na majengo holela yasilizunguke jiji kabla halijaanza, wapangaji walitenga ukanda wa kinga wa kilomita 10 pande zote. Ukanda huo uliingia Makueni, Machakos na Kajiado, katika mashamba yenye hati na masoko yaliyokuwapo tayari. Mwenye shamba alibaki na hati yake mkononi, ila kujenga duka, kugawa viwanja kwa watoto wake au kuuza kipande kulimlazimu asubiri mpango wa matumizi ya ardhi uidhinishwe. Kitaalamu ukanda ulikuwa na sababu nzuri. Nairobi yenyewe imeonyesha gharama ya kuchelewa kupanga pembezo za jiji. Lakini mzigo wa tahadhari hiyo ulibebwa na familia ambazo hazikuhusika na mradi, na madai yao yalikuwa ya haki. Mipango iliyofuata ililazimika kuwasikiliza na kuruhusu makazi na biashara kwa utaratibu.

Katika miaka hiyo ya kungoja, bodi ya Mamlaka iliongozwa na msanifu majengo, Reuben Mutiso. Jina lake lilifahamika kwa wasanifu wa Kenya kwa muda mrefu. Pamoja na Braz Menezes alikuwa ameanzisha Mutiso Menezes International, kampuni iliyosanifu mtaa wa Buruburu jijini Nairobi, uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970. Buruburu ulikuwa mtaa wa nyumba za watu wa kipato cha kati, zenye ua, zikipangwa kuzunguka viwanja vya pamoja ambamo watoto walicheza mbali na magari, huku maduka, shule na makanisa yakiwa ndani ya mtaa wenyewe. Ukitaka kujua kama jiji lililochorwa mezani linaweza kuwa nyumbani kwa watu, Buruburu ni ushahidi bora kuliko picha zote za kompyuta zilizotolewa kuhusu Konza. Mutiso aliwahi pia kuongoza Chama cha Wasanifu Majengo cha Kenya, na huko alizungumza mara nyingi kuhusu majengo yanayoporomoka kwa kujengwa bila wataalamu.

Kuanzia 2015 Mhandisi John Tanui alishika wadhifa wa Afisa Mkuu Mtendaji. Chini yake ulifanyika uamuzi uliopima subira ya umma kuliko wowote: kujenga kwanza kila kitu kisichoonekana. Mwaka 2017 Mamlaka iliipa kampuni ya Italia, ICM, kazi ya miundombinu ya ekari 400 za awamu ya kwanza kwa takriban shilingi bilioni 40, fedha zilizotokana na mkopo wa benki za Italia. Kwa muda mrefu msafiri wa Mombasa aliyetupa jicho kutoka dirisha la basi aliona vumbi na jengo moja la ofisi, akahitimisha kwamba mradi umekufa. Chini ya vumbi kulikuwa na handaki la huduma linalofuata barabara kuu za jiji, ambamo nyaya za umeme, mabomba ya maji na nyuzi za mawasiliano hupita pamoja. Fundi wa umeme au wa maji hushuka, akafanya matengenezo, akapanda juu, lami haiguswi. Mitaani Nairobi barabara huwekwa lami leo na kuchimbwa mwezi ujao na shirika jingine. Juu ya handaki, upana wa barabara umegawiwa: magari katikati, kisha miti, njia ya baiskeli, na njia pana ya waendao kwa miguu. Maji machafu husafishwa ili yatumike tena. Taka zilipangwa zisibebwe na malori mitaani, bali zivutwe kwa nguvu ya hewa kupitia mabomba hadi kituo cha kukusanyia, kwa mtambo wa kampuni ya Finland, MariMatic.

Maji ya kunywa yaliunganisha Konza na Kitui. Visima vya Malili visingetosheleza jiji, kwa hiyo mpango ulitegemea bwawa la Thwake, linalojengwa karibu na makutano ya Mto Thwake na Mto Athi, mahali ambapo Makueni na Kitui zinapakana. Ujenzi wake ulianza mwaka 2018 chini ya kampuni ya China Gezhouba, kwa fedha za serikali ya Kenya na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ukuta wake umekusudiwa kufikia mita 80 hivi, na uwezo wake ni zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Malili iko juu sana kuliko bonde la Athi, na kila lita itakayofika jijini itapandishwa kwa pampu. Familia za pande zote mbili za mto zilihamishwa kupisha bwawa, na makubaliano yalikuwa kwamba vijiji vya Makueni na Kitui vipate maji kutoka chanzo hicho hicho. Katika eneo ambalo mama huamka usiku kwenda kuchimba maji mchangani mwa mto uliokauka, sehemu hiyo ya mpango ina uzito sawa na jiji zima.

Majengo yalianza kufuata baada ya mitaro. Aprili 2019 serikali ilitia saini mkataba na Huawei wa shilingi bilioni 17.5 kwa kituo cha kitaifa cha data na mifumo ya jiji, na kituo hicho kikawa huduma ya kwanza ya Konza kutumiwa na ofisi za serikali nchini. Korea Kusini ilitoa mkopo wa dola milioni 95 kujenga Taasisi ya Juu ya Sayansi na Teknolojia ya Kenya, iliyobuniwa kwa msaada wa chuo cha KAIST, ambacho chenyewe kilianzishwa mwaka 1971 wakati Korea ilipokuwa bado nchi maskini. Tanui aliondoka mwishoni mwa 2022 kuwa Katibu katika Wizara ya Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali, na nafasi yake ikachukuliwa na John Paul Okwiri, ambaye kazi yake imekuwa kuvitafutia wapangaji viwanja vilivyokwisha kuwekewa huduma.

Tarehe 3 Agosti 2023 Rais William Ruto alizindua Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, kinachofundisha kwa njia ya mtandao kupitia mitambo ya kituo cha data. Wanafunzi wake wengi husoma wakiwa makwao, Wote, Mwingi, Mutomo na kwingineko nchini, kabla nyumba za kupanga za awamu ya kwanza hazijajaa.