Asili ya Maneno katika Kamusi za Kiswahili

Asili ya neno la Kiswahili huanza kutafutwa kwenye kamusi, lakini ni nadra kamusi moja kutosha. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliacha kamusi iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake; maneno yake mengi ni ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903 iliegemea Kiunguja, lahaja ya Unguja. Kati ya 1939 na 1941, padri Mfaransa Charles Sacleux alichapisha Paris kamusi inayotaja lahaja nyingi pamoja na asili ya maneno. Kamusi ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1981.

Baadhi ya kamusi hizi hutaja lugha lilikotoka neno la mkopo: kitabu Kiarabu, gari Kihindi, meza na bendera Kireno, shule Kijerumani. Sauti nazo hudokeza. Maneno yenye dh, th au gh, kama dhahabu, thamani na ghali, kwa kawaida yametoka Kiarabu. Viambishi, kinyume chake, hupotosha. Silabi ya kwanza ya kitabu ni sehemu ya neno la Kiarabu, lakini wasemaji waliichukulia kuwa kiambishi cha ngeli, wakapata vitabu.

Jina la lugha moja halielezi safari nzima. Karatasi lilitoka Kiarabu, ila Waarabu nao walilipata kutoka Kigiriki. Duka lina asili ya Kiarabu, lakini lipo pia katika Kiajemi na Kihindi, kwa hiyo huenda Waswahili walilisikia kwa wafanyabiashara wa zaidi ya lugha moja.

Maana pia hubadilika. Gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kamusi za zamani zinalipa maana ya ngome pamoja na jela, na ngome ya Kilwa Kisiwani ingali ikiitwa Gereza. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilitumiwa na Waingereza kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Hatua ya kati kutoka kanisa hadi jela huonekana tu kamusi ya leo ikisomwa pamoja na zile za kale.

Kwa maneno ya Kibantu, kama mtu, nyoka na tatu, kamusi za kawaida mara nyingi hazisemi kitu. Asili yake hupatikana kwa kulinganisha lugha za Kibantu, kazi iliyofanywa na wanaisimu Carl Meinhof mwaka 1899, kisha Malcolm Guthrie kati ya 1967 na 1971. Hivyo mtafiti hupitia kamusi za Kiswahili kwa mpangilio wa miaka, akakagua lugha iliyotajwa, na neno lisipokuwa la mkopo akageukia tafiti za Kibantu.