Mashindano ya Wajenzi wa Ndege

Msomaji, ukisimama mchangani Kikambala, bahari ikiwa mbele yako na minazi nyuma yako, huenda ukasikia mvumo juu, ukaona ndege kubwa ikiteremka kuelekea Mombasa. Wengi huitazama mpaka itoweke, kisha wakarudia shughuli zao. Lakini chombo kile kina historia yake, nayo ni historia ya ushindani mkali baina ya mataifa na makampuni. Sehemu ya ushindani huo imepita katika anga yetu ya Afrika Mashariki, na watu wetu wamelipa baadhi ya gharama zake. Ndiyo sababu yafaa tuijue.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, ndege za abiria ziliendeshwa kwa pangaboi, na Wamarekani ndio waliokuwa mabingwa wa kuziunda. Waingereza, walipoona wamepitwa, waliazimia kuwatangulia kwa njia nyingine, yaani injini ya jeti. Kampuni ya de Havilland ikaunda ndege iitwayo Comet, iliyoruka mara ya kwanza mwezi Julai 1949. Tarehe 2 Mei 1952 Comet ya shirika la BOAC iliondoka London na abiria wake, ikapita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Hiyo ndiyo safari ya kwanza duniani ya jeti iliyochukua abiria kwa nauli. Fikiri basi: Entebbe ilikuwa na safari za jeti miaka sita kabla ya New York!

Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 10 Januari 1954 Comet ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, wakafa watu 35. Nayo ilikuwa ndege ileile iliyofungua safari ya Entebbe. Tarehe 8 Aprili mwaka uleule nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples, wakafa watu 21. Comet zote zikazuiwa kuruka.

Wataalamu wa Farnborough, Uingereza, walilitia bodi la Comet nzima katika tangi la maji, wakalishindilia na kulilegeza tena na tena, mfano wa safari nyingi, hata likapasuka. Chanzo kikajulikana. Jeti huruka juu sana, mahali ambapo hewa ni haba. Kwa hiyo hewa hushindiliwa ndani ili abiria wapate kupumua. Kila safari bati la ndege hutanuka na kunywea. Kunja waya na kuukunjua mara nyingi, nawe utaona jinsi unavyokatika. Ndivyo bati la Comet lilivyochoka, likaanza ufa kwenye pembe ya tundu la dirisha.

Hapa pana jambo la kukumbuka. Waingereza hawakuuficha ufa ule. Uchunguzi ulifanywa hadharani na matokeo yakatangazwa, hata washindani wao wakajifunza. Comet mpya, iliyo imara, ilianza kuvuka Atlantiki tarehe 4 Oktoba 1958. Lakini tarehe 26 ya mwezi huohuo Boeing 707 ya Marekani nayo ikaanza, ikichukua abiria zaidi ya 100. Mashirika mengi yaliichagua hiyo, au Douglas DC-8 iliyoifuata mwaka 1959. Aliyetangulia njiani hakuwa mshindi.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, lilipata Comet zake mwaka 1960. Kisha Waingereza wakajaribu tena kwa ndege ya VC10. Kiwanja cha Nairobi kiko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, na katika hewa nyepesi ndege huhitaji mwendo mrefu ili kuruka. VC10 iliundwa kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo, na shirika letu likaanza kuitumia mwaka 1966. Lakini viwanja vilirefushwa, Boeing zikaweza kuvitumia, na VC10 zilizoundwa zilikuwa 54 tu. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, Kenya Airways ilianza kazi kwa Boeing 707.

Baadaye akatokea mshindani mpya, Airbus, muungano wa mataifa ya Ulaya ulioanza mwaka 1970. Kenya Airways ilinunua Airbus A310 mwaka 1986, na mwaka 2014 ikapokea Boeing 787. Air Tanzania ilipokea ndege za makampuni yote mawili katika mwaka mmoja, 2018. Hivyo mnunuzi amepata hiari ya kuchagua, na hiyo ndiyo faida ya ushindani.

Lakini wapiganapo tembo nyasi huumia. Mwisho wa mwaka 2010 Airbus ilitangaza A320 yenye injini mpya zitumiazo mafuta machache. Mwaka 2011 Boeing ikajibu kwa 737 MAX: bodi la zamani, injini kubwa zaidi. Kwa kuwa injini hizo zilibadilisha tabia ya ndege, ikatiwa mitambo ya kuisukuma pua chini yenyewe, ikitegemea habari za kipimo kimoja tu. Na marubani hawakuelezwa habari zake katika vitabu vyao. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege moja ilianguka Indonesia, wakafa watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 nyingine, ya Ethiopian Airlines, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaanguka baada ya dakika sita. Walikufa watu 157, na Wakenya 32 walikuwa miongoni mwao. Januari 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 2,500 kwa sababu ya shtaka la kuwahadaa wakaguzi wa serikali ya Marekani.

Pima sasa, msomaji, misiba hii miwili. Katika ule wa 1954 mafundi hawakujua; walipojua, wakasema. Katika ule wa pili walikuwapo waliojua, na marubani hawakuambiwa. Mafundi wa majahazi wa pwani hii wajua kwamba mwenye kuona ufa katika ubao hana budi kumwambia nahodha kabla tanga halijapandishwa, ijapokuwa mwenye chombo ana haraka ya kuuwahi msimu. Usipoziba ufa, wasemavyo wazee, utajenga ukuta. Na ufa usiotajwa hauzibwi. Huenda siku moja wewe utakuwa fundi, mkaguzi au rubani. Wakubwa wako watakuhimiza umtangulie mshindani. Mtangulie ukiweza, lakini ukiuona ufa, sema.