Amandina Lihamba na Kimya cha Samehe

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wanitajie Mtanzania mwanamke aliyeandika tamthilia na pia akaigiza katika filamu. Safari hii binti mmoja wa Hanang alinijibu kwamba kwao wanawake hawaandiki, ila wanahukumu. Darasa lilicheka. Mimi, mtoto wa Dongobesh niliyekua jirani na Wabarbaig, sikucheka.

Alikuwa anazungumzia baraza la wanawake wa Kibarbaig. Mwanamume akivunja heshima ya mwanamke, akina mama hukusanyika, humwita, husikiliza shauri na kumtoza ng'ombe. Akikaidi, anajua laana yao inamngoja. George Klima alilieleza baraza hilo katika miaka ya 1960, na maelezo yake yangali yakisomwa vyuoni. Lakini maneno yenyewe ya akina mama wale yako wapi? Swali hilo ndilo lililonirudisha kwa Amandina Lihamba.

Lihamba alizaliwa Morogoro mwaka 1944. Akawa mwandishi, mwigizaji, mwongozaji wa michezo na profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1980 ilichapishwa Hawala ya Fedha, tamthilia aliyoijenga juu ya kisa cha Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye naye alikuwa mwandishi na mtengenezaji filamu. Mzee asiyejua kusoma analetewa hawala kutoka Paris. Ili aichukue anadaiwa kitambulisho, na kitambulisho nacho kinadai cheti cha kuzaliwa. Ndugu zangu watumishi wa umma, isomeni tamthilia hiyo kabla hamjamwambia tena mfugaji wa Basotu aende akarudi kesho.

Mwaka 1982 ikatoka Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu, kitabu kimoja. Jambo hilo halitajwi vya kutosha. Mwaka 1985 alihitimu shahada ya uzamivu huko Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na sanaa za maonyesho nchini mwetu baada ya Azimio la Arusha.

Hata hivyo, kwangu kilele cha kazi yake ni filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Mwaka 2001 ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar. Humo Lihamba ni Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye aliyoyashuhudia utotoni yamemfunga kinywa. Fikirini: mwanamke aliyeishi kwa maneno anaigiza kwa kunyamaza, na uso wake unabeba yale ambayo ulimi umeyakataa.

Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1996, yeye na Penina Muhando, ambaye ndiye Profesa Mlama, walikuwa wameanzisha Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana hutaja wenyewe kinachowakwamisha masomoni, iwe mimba, umbali wa shule au mwalimu asiye na adabu. Kisha hukigeuza kuwa igizo, ngoma au wimbo mbele ya walimu na wazazi. Sioni tofauti kubwa kati ya jukwaa hilo na baraza la Hanang: msichana anasema hadharani, na mkosaji analazimika kusikiliza. Tofauti ninayoiona ni kwamba shuleni hakuna anayetozwa ng'ombe. Labda hapo ndipo penye udhaifu.

Mwaka 2007 kilitoka kitabu kikubwa cha maandishi na masimulizi ya wanawake wa Afrika ya Mashariki, Lihamba akiwa mmoja wa wahariri wake. Kinaanzia barua za Kilwa za mwaka 1711, na kinaziweka nyimbo na simulizi za mdomo sawa na maandishi. Kwa kipimo hicho, jibu la mwanafunzi wangu lilikuwa nusu sahihi. Hukumu inayotamkwa chini ya mti ni utunzi pia.

Bibi yake binti huyo aliwahi kuketi katika baraza na bado yu hai. Nimemwomba likizo hii aende na daftari, naye amekubali kwa sharti moja: kwanza atawauliza akina mama wenyewe kama wanaridhia maneno yao yaandikwe. Wakikataa, atarudi na daftari tupu, nami nitalipokea.