UZI: Waandamanaji walipie polisi? Tuanzie Forsyth

1/ Maandamano yakitangazwa tu, lazima mtu aseme: "Si waandaaji walipie polisi wenyewe!" Inasikika poa. Lakini kuna kaunti Marekani ilijaribu: Forsyth, jimbo la Georgia.

2/ Januari 1987, watetezi wa haki za watu weusi waliandamana huko, wakarushiwa mawe na chupa. Wiki iliyofuata wakarudi, watu kama 20,000. Ulinzi ulikula zaidi ya dola 670,000.

3/ Fasta kaunti ikapitisha sheria: kibali, na ada hadi dola 1,000 kwa siku. Kiasi? Anaamua msimamizi wa kaunti.

4/ 1989, kundi la wabaguzi lilitaka kupinga sikukuu ya Martin Luther King. Likaitishwa dola 100, likaenda kortini. 1992 likashinda Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 4.

5/ Ndiyo, wabaguzi walishinda. Lakini fikiria: ada ikipimwa kwa hasira ya wapinzani, warusha mawe ndio wanapanga bei. Wale wa 1987 wangelipa kuliko wote.

6/ Kwetu, Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda maandamano ya amani, bila silaha. Mtu akisema "walipie", muulize: bei anapanga nani, na kwa kipimo gani?