Pikipiki ya Zschopau Hapa Kinanira: Je, Niinunue?

Mzee mmoja jirani yetu hapa Kinanira anauza pikipiki yake. Ni MZ TS 150, iliyotengenezwa katika mji wa Zschopau, katika nchi ambayo leo haipo tena: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ujerumani Mashariki. Anataka faranga milioni moja na laki mbili. Mimi nina milioni moja na nusu, niliyoikusanya kwa miaka mitatu kwa kuwafundisha watoto wa mtaani hisabati na Kifaransa. Ndani ya fedha hiyo mna gharama za kuchapisha tasnifu yangu.

Nilipomweleza mama, alicheka kwanza, kisha akanyamaza. "Mwanangu," akaniuliza, "katika mtaa huu mzima, nani mwingine ana pikipiki kama hiyo?" Nilikosa jibu. Ukisimama asubuhi kwenye njia ya kwenda Musaga utaziona TVS zikipita moja baada ya nyingine, na mara mojamoja Yamaha ya zamani iliyowahi kuwa ya mradi fulani. MZ ni hiyo moja tu, imefunikwa turubai chini ya mwembe.

Mama hakujua kwamba ameuliza swali la historia. Kwa nini hakuna mwingine? Je, watu waliikataa kwa sababu ni mbaya, au kuna sababu nyingine? Kabla ya kutoa fedha nimeona heri nilijibu swali hilo, maana anayenunua chombo cha kale hununua pia yote yaliyokipata njiani.

Tuanze na kiwanda. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mdenmark aitwaye Jørgen Skafte Rasmussen alifungua kiwanda huko Zschopau, katika jimbo la Saxony. Pikipiki zake zikaitwa DKW, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 hakukuwa na kampuni duniani iliyotengeneza pikipiki nyingi kuliko hiyo. Siri yake ilikuwa injini ya mipigo miwili, ile ambayo oili huungua pamoja na petroli. Injini hiyo haina vali, ina vyuma vichache, ni nyepesi, na fundi wa kawaida anaweza kuifungua na kuifunga. Mwaka 1939 kiwanda kilitoa pikipiki ndogo iliyoitwa RT 125. Kipenyo cha silinda yake kilikuwa milimita 52, na mwendo wa pistoni milimita 58. Naomba msomaji aishike namba hiyo ya 58, nitairudia.

Kisha ikaja vita, na Ujerumani ikashindwa. Zschopau ikaangukia upande wa Wasovieti, ambao walifungua mitambo ya kiwanda na kuisafirisha kwao kama fidia. Michoro ya RT 125 nayo ikawa mali ya washindi. Wasovieti walitengeneza pikipiki yao kwa mfano huo, Waingereza wa kampuni ya BSA wakatengeneza Bantam, na Harley-Davidson ya Marekani nayo ikatoa ya kwake. Mbali na hao, kampuni ya Kijapani iliyojulikana kwa vinanda iliamua kujaribu pikipiki. Mwaka 1955 ikatoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, kwa kuifuata RT 125. Wajapani waliipa jina la utani la kerengende mwekundu, na mwezi Julai mwaka huohuo ikashinda katika daraja lake kwenye mbio za kupanda Mlima Fuji. Kampuni hiyo ni Yamaha.

Kwa hiyo Yamaha, ambayo kila fundi wa Bujumbura anaijua, na MZ, ambayo hakuna anayeitaka, ni watoto wa mama mmoja. Mmoja alilelewa Japani, mwingine akabaki nyumbani katika magofu ya kiwanda. Hapo Zschopau wafanyakazi walianza upya, na kuanzia mwaka 1956 pikipiki zao zikaitwa MZ.

Undugu huo haukuishia hapo. MZ ilikuwa na mhandisi hodari, Walter Kaaden, ambaye kwa fedha kidogo aliifanya injini ya mipigo miwili iende kasi ambayo wengi waliidhani haiwezekani. Mwendesha pikipiki wake, Ernst Degner, alikaribia kuwa bingwa wa dunia mwaka 1961. Mwezi Agosti mwaka huo Ukuta wa Berlin ukajengwa. Mwezi Septemba, kwenye mashindano ya Sweden, Degner alitoroka. Familia yake ilikuwa imekwisha kuvushwa mpaka kwa siri, imefichwa ndani ya buti la gari. Alikwenda Suzuki akiwa na maarifa ya Kaaden kichwani, na mwaka uliofuata, 1962, Suzuki ikapata ubingwa wake wa kwanza wa dunia, Degner mwenyewe akiwa juu ya pikipiki.

Tena Suzuki hiyohiyo, katika miaka ya 1980, ilishirikiana na kampuni ya TVS ya Uhindi kutengeneza pikipiki za mipigo miwili. Walitengana mwaka 2001. TVS zinazobeba abiria wetu leo zina injini ya mipigo minne, kwa hiyo siwezi kudai kwamba ni wajukuu wa Zschopau kwa damu. Lakini kampuni iliyozitengeneza ilijifunza kazi katika nyumba ambayo nayo ilikuwa imejifunza kutoka kwa mtoro wa Zschopau.

Msomaji anaweza kuniuliza: kama chemchemi ni hiyo, mbona mto ulikauka kwenye chanzo na kujaa huko chini? Jibu la kwanza liko Ujerumani. TS 150 ilianza kutoka kiwandani mwaka 1973 na ikaendelea hadi 1985. Iliuzwa hasa katika nchi za kijamaa na katika nchi rafiki. Eneo letu halikuwa mbali na urafiki huo. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, mara baada ya mapinduzi, na nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Michenzani ni ushahidi unaosimama hadi leo. Vijana wa Afrika walikwenda kusoma huko na wengine walirudi na vitu vyao. Mzee jirani yetu anasema yake aliinunua Kigoma, kwa kijana aliyetoka masomoni, akaivusha kwa mashua hadi Bujumbura. Naye hakuona ajabu kwamba ilipitia Kigoma, mji ambao reli yake ilijengwa na Wajerumani wa zamani na kufika ziwani mwaka 1914.

Ukuta ulianguka Novemba 1989. Tarehe 1 Julai 1990 fedha ya Ujerumani Magharibi ikawa fedha ya Mashariki pia. Siku hiyo MZ ikawa ghali kwa wateja wake wa jadi ambao hawakuwa na fedha hiyo, na wateja wa nyumbani wakakimbilia magari yaliyotumika ya Magharibi. Kufikia Oktoba nchi yenyewe ilikuwa imefutwa kwenye ramani. Kiwanda kiliuzwa, sehemu ya mitambo ikaenda Uturuki, baadaye kampuni ya Malaysia ikalinunua jina, na mwaka 2008 utengenezaji ukasimama. Pikipiki ya mzee haikuwa imeharibika. Iliyoharibika ilikuwa nchi iliyoizaa.

Jibu la pili liko hapa kwetu. Miradi ya kilimo na afya ilipoleta pikipiki nchini, haikuleta moja moja, ilileta nyingi za aina moja. Yamaha AG 100, iliyobuniwa kwa ajili ya wakulima, ilifaa milima yetu: nyepesi, cheni yake imefunikwa, ina kibebeo mbele na nyuma. Ilipozeeka iliuzwa kwa raia, na mafundi wakajifunza kwayo. Kisha ikaja vita ya mwaka 1993, na baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani zikatuwekea vikwazo vya uchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Katika miaka kama hiyo pikipiki haiponi kwa sababu ni nzuri. Inapona kwa sababu kuna nyingine kumi za aina yake zilizokufa, za kuchomolewa vipuri. Aliye na ndugu wengi huzikwa na wengi, na pikipiki yenye ndugu wengi huchelewa kuzikwa. MZ ilikuwa peke yake, na mwaka 1997 mzee akaifunika turubai.

Nikiwa na majibu hayo nilikwenda Buyenzi, ambako Kiswahili na gereji vimekaa pamoja tangu zamani, kwa fundi ambaye nywele zake zimekwisha kuwa nyeupe. Mzee aliniruhusu nifungue kichwa cha injini na kuichukua silinda. Fundi akaipima, akatabasamu. "Mdogo wangu, hii ni milimita 56. Ni sawasawa na Yamaha DT 125. Hawa ni ndugu, nitakupatia pistoni."

Moyo wangu uliruka, lakini niliporudi nyumbani niliona kosa. Kipenyo cha 56 kimegongana tu, kwa kuwa MZ iliipanua silinda na Yamaha nayo ikachagua kipimo hicho kwa sababu zake. Undugu wa kweli uko katika ile namba ya 58. Mwendo wa pistoni wa TS 150 ni milimita 58, kama RT 125 ya mwaka 1939, na kama kerengende mwekundu wa mwaka 1955. DT 125 ina milimita 50, mtoto aliyekwisha kuachana na ukoo. Nilimrudia fundi, tukakubaliana kwamba pete zinaweza kujaribiwa, lakini pistoni yenyewe ina tundu la pini na madirisha yaliyokatwa mahali pengine. Undugu wa historia hautengenezi pikipiki. Nasaba haiuzwi dukani.

Tukakaa chini tukaandika orodha mbili. Ya kwanza ni vitu ambavyo dunia nzima hutumia vipimo vilevile: beringi, cheni, tairi za inchi 18, nyaya, mpira wa breki. Hivyo vyote viko Buyenzi. Ya pili ni vitu vya Zschopau peke yake: pistoni, gasketi, platini, kabureta, giya. Hivyo haviko Bujumbura, na kuviagiza Ulaya, ambako wapenzi wa MZ bado wanavitengeneza, ni gharama ya kumkatisha mtu tamaa. Kuna na petroli. Kila lita tano lazima nichanganye mililita mia moja za oili kwa mkono wangu, ilhali Yamaha ina tangi la oili na pampu yake. Katika miaka hii ambayo petroli yenyewe tunaitafuta kwa foleni, injini ya mipigo miwili ni mlaji asiye na haya.

Jioni ile nilikuwa tayari kukataa. Nilikwenda kwa mzee kumshukuru, nikamuuliza swali moja la mwisho, la mwanafunzi wa historia: "Mzee, kabla ya mwaka 1990 vipuri ulikuwa unavitoa wapi?" Aliingia ndani, akarudi na sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na pistoni mbili zenye pete zake, zimefungwa karatasi yenye mafuta, gasketi, platini nne, kabureta moja kamili, na kitabu cha maelezo. Alivinunua pamoja na pikipiki. "Kijana aliyeniuzia," akasema, "aliniambia, mzee, hii haitakuwa na ndugu huku, beba ndugu zake kabisa."

Sanduku lile ndilo lililonigeuza. Orodha ya pili karibu yote imo ndani yake. Si giya, na giya zikivunjika hadithi itakuwa imekwisha. Lakini mimi si dereva wa abiria. Nahitaji kutoka Kinanira hadi chuoni na kurudi, na kilomita zangu za mwaka ni chache. Kwa mwendo huo pistoni mbili zaweza kunivusha miaka mingi.

Nimemjibu mama hivi. MZ haina mwenzake mtaani kwa sababu nchi yake ilikufa na yetu ikafungiwa mipaka, si kwa sababu ni chombo kibovu. Hata hivyo, sababu hiyo haipunguzi upweke wake, na mtu anayetaka kulisha familia kwa pikipiki asiiguse. Anunue iliyojaa barabarani, hata kama haipendi, kwa maana wingi huo ndio bima yake. Anayetaka iliyo peke yake aulize kwanza sanduku liko wapi. Lisipokuwapo, asinunue.

Mzee amekubali milioni moja pamoja na sanduku, nusu sasa na nusu baada ya miezi mitatu. Fedha za tasnifu nimempa mama azitunze. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye kitambaa, kisha akaniuliza kama ile kelele yake itawaamsha majirani. Nikamwambia ukweli: itawaamsha.