KITI KITUPU: HISTORIA YA KAMPENI ZA KUPAKIZANA MAGARI MIJINI MAREKANI

Utangulizi

Kila asubuhi katika miji ya Marekani mamilioni ya wafanyakazi hutoka majumbani kwenda kazini, kila mmoja peke yake ndani ya gari lenye viti vinne au vitano. Mara kadhaa katika karne iliyopita serikali na halmashauri za miji zimewahimiza watu hao wavijaze viti vitupu: wapakizane, wapokezane kuendesha, wapunguze magari barabarani.

Historia ya mwito huo ina jambo la kushangaza. Mwaka 1942 kupakizana kulihesabiwa kuwa uzalendo. Mwaka 1956, katika mji mmoja wa kusini, kulifikishwa mahakamani. Mwaka 1974 kulihimizwa tena kwa sheria na kwa fedha za umma, na baada ya hapo kukadidimia. Wako wanaotoa jibu jepesi kwamba Mmarekani ni mbinafsi kwa asili. Sisi hatukubaliani nao. Tabia ya watu haielei hewani; ina mizizi katika hali halisi ya maisha yao. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha mizizi hiyo, kwa kuwa ndani yake mna somo kwa kila mtu ambaye kazi yake ni kuhamasisha umma.

Vita na uhaba wa mpira

Mwanzoni mwa mwaka 1942 majeshi ya Japani yaliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, na hivyo Marekani ikapoteza sehemu kubwa mno ya mpira uliokuwa ukitoka huko. Petroli ilikuwapo kwa wingi katika sehemu nyingi za nchi. Kilichokosekana ni matairi. Serikali ikaona kwamba njia ya hakika ya kuokoa matairi ni kuyazuia magari yasitembee. Mgawo wa petroli ulianza katika majimbo ya mashariki mwezi Mei 1942, na tarehe 1 Desemba mwaka huo ukaenea nchi nzima. Mwendo wa magari ukawekewa kikomo cha maili 35 kwa saa.

Mwenye gari wa kawaida alipata kibandiko cha herufi A, ambacho mwanzoni kilimpa galoni 4 tu kwa wiki. Aliyetaka nyongeza ili afike kazini alikwenda mbele ya bodi ya mgawo ya mtaa wake kueleza jinsi anavyowapakia wenzake, au kwa nini haiwezekani. Hapo ndipo zilipostawi klabu za kupakizana viwandani na mitaani. Bango maarufu la mwaka 1943 lilimwonyesha dereva akiwa na kivuli cha Hitler kando yake, na maneno yaliyomweleza kwamba aendeshaye peke yake anasafiri na adui.

Bango hilo linakumbukwa hadi leo. Bodi ya mgawo imesahauliwa. Lakini ni dhahiri kwamba kilicholipa bango nguvu ni bodi. Mfanyakazi alimpakia jirani yake kwa kuwa aliipenda nchi yake, na pia kwa kuwa bila jirani yule petroli isingetosha. Zaidi ya hayo, mgawo uliwagusa wote, ingawa si kwa usawa kamili. Mwezi Agosti 1945 vita vilipokwisha, mgawo wa petroli ulifutwa mara moja, na klabu zile zikayeyuka.

Montgomery: umma wajipangia safari

Kampeni kubwa iliyofuata haikuanzishwa na serikali, bali ilipigwa vita nayo. Tarehe 1 Desemba 1955, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, fundi cherehani Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Kuanzia tarehe 5 Desemba watu Weusi wa mji huo, ambao walikuwa abiria wengi zaidi wa mabasi, waliyasusia.

Je, wafanyakazi wa majumbani, mafundi na vibarua wangefikaje kazini? Chama kilichoundwa siku hiyohiyo chini ya uongozi wa Martin Luther King kilitafuta ushauri Baton Rouge, ambako mwaka 1953 watu Weusi walikuwa wamesusia mabasi na kupanga lifti za bure. Wenye magari wapatao 300 walijitolea. Makumi ya vituo vya kukusanyikia yalipangwa, waratibu wakawekwa, na makanisa yakanunua magari ya kubebea abiria. Wengi hawakupata nafasi, wakatembea kwa miguu.

Hebu tuangalie wakuu wa mji walifanya nini. Walitishia kuwashtaki madereva wa teksi waliotoza chini ya nauli ya kisheria. Polisi waliwasumbua madereva wa lifti. King mwenyewe alikamatwa Januari 1956 kwa kosa la mwendo kasi baada ya kupakia abiria. Meya aliwasihi akina mama wa kizungu waache kuwachukua kwa magari watumishi wao wa nyumbani. Bima za magari zilifutwa, hata chama kikalazimika kutafuta bima London. Mwishowe mji ulikwenda mahakamani ukidai kwamba utaratibu ule ni biashara isiyo na leseni. Tarehe 13 Novemba 1956 mahakama iliuzuia. Siku hiyohiyo habari zikafika kwamba Mahakama Kuu ya nchi imeamua kuwa ubaguzi katika mabasi ni kinyume cha katiba. Mgomo ulikwisha Desemba, baada ya siku 381.

Katika miaka ya vita mtu aliyempakia mwenzake alisifiwa na bodi. Hapa alipigwa faini. Tendo ni lile lile. Kilichobadilika ni nani aliyelipanga na kwa masilahi ya nani.

Barabara za fedha za umma

Mwezi Juni mwaka huohuo wa 1956, wakati watu wa Montgomery wakiwa bado katika mgomo, Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya ujenzi wa maili 41,000 za barabara kuu, serikali ya taifa ikilipa asilimia 90 ya gharama. Nyumba zilijengwa mbali na mji, viwanda na maduka yakazifuata, na katika mitaa mingi mabasi yakapungua. Hapana budi tulitazame jambo hili kwa makini. Watu waliambiwa gari ni uhuru wa mtu binafsi, ilhali barabara zilizouwezesha uhuru huo zilijengwa na umma.

Mwezi Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisimamisha kuiuzia Marekani mafuta. Mgogoro huo tuliuonja hata sisi: bei ya petroli ilipanda, na katika miaka hiyo nchi yetu ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili alasiri. Huko Marekani sheria ya tarehe 2 Januari 1974 iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa na kutoa fedha kwa miji iliyotaka kupanga mipango ya kupakizana. Ofisi zilikusanya anwani na saa za kazi za wafanyakazi, na kompyuta zikawaunganisha walioishi jirani.

Palipokuwa na faida ya wazi, watu waliitikia. Katika barabara kuu ya Shirley, inayoingia Washington kutoka Virginia, njia za pekee zilizojengwa kwa ajili ya mabasi zilifunguliwa Desemba 1973 kwa magari yenye watu wanne au zaidi. Madereva wakaanza kusimama vituoni kuwachukua watu wasiowajua, bila malipo, ili tu watimize idadi. Lakini Los Angeles, mwezi Machi 1976, wakuu wa barabara walitwaa njia iliyokuwapo ya barabara ya Santa Monica na kuwapa magari ya watu watatu. Foleni za waliosalia zikarefuka, hasira zikapanda, na mwezi Agosti jaji akausimamisha mpango wote.

Petroli iliporudi kuwa rahisi, mahubiri yalibaki peke yake. Mwaka 1980 karibu asilimia 20 ya wafanyakazi wa Marekani walikwenda kazini kwa kupakizana. Mwaka 1990 walikuwa asilimia 13 hivi, na kufikia mwaka 2010 walipungua chini ya asilimia 10.

Seattle ilifuata njia tofauti. Sheria ya jimbo la Washington ya mwaka 1991 iliwataka waajiri wakubwa wapange jinsi ya kupunguza safari za mtu mmoja. Mji haukuishia kwenye sheria. Reli ya mjini ilifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2014 wapiga kura walikubali kutozwa kodi ili mabasi yaongezwe. Kati ya mwaka 2010 na 2017, waliokuwa wakiingia katikati ya mji asubuhi wakiendesha peke yao walipungua kutoka asilimia 35 hadi 25 hivi.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwito ulifaulu pale ulipoandamana na mgawo, na njia ya pekee, na basi linalofika kwa wakati, au pale umma wenyewe ulipoona kuwa safari ile ni mapambano yao. Ulishindwa pale kiongozi alipomtaka mwananchi abadili mwenendo huku mazingira yakimlazimisha abaki alivyo.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam ambaye hana gari kabisa, tatizo si kiti kitupu bali ni kukosa kiti. Hata hivyo suala la msingi ni moja: barabara ni mali ya umma, na hapana budi igawanywe kwa kuhesabu watu, wala si kwa kuhesabu magari. Njia za mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, zimejengwa juu ya hoja hiyo. Kwa hiyo kada anayetaka kuwaambia wananchi wapakizane, wapande basi, au wabadili jambo lolote la maisha yao, ajiulize kwanza: tumewatayarishia nini?